Mteja mwenye ugonjwa wa figo analia ilhali hajafiwa

Dada, umeuliza kwa nini mteja wako wa Mbarara, anayesafishwa damu kila wiki, analia kila kikao cha ushauri nasaha ilhali hajafiwa. Amefiwa, ila hakuna maiti. Bodaboda ameiuza, majirani hawaji kumpa pole, na hata matoke anapimiwa kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa mwilini. Hilo la matoke usilipuuze! Kwao huko, kukataa sahani ya mwenyeji ni kama kujitenga na watu. Kenneth Doka, mtaalamu wa huzuni kutoka Marekani, aliandika kuhusu huzuni ya namna hii, isiyotambuliwa na jamii, mwaka 1989.

Mwache ataje alichopoteza kimoja kimoja, kwa Runyankole kama ndiyo lugha anayolilia. Usimharakishe "akubali hali". Majibu ya vipimo yakibadilika, msiba unaanza upya. Mimi huazima wazo la vitabu vya kumbukumbu, vile akina mama wenye VVU hapa Uganda walivyowaandikia watoto wao miaka ya 1990. Aandike alivyokuwa, kisha alivyo leo. Mkewe naye umwite siku moja, maana huyo halii mbele ya mtu. Ila mteja akitaja kujiua au kuacha matibabu, usingoje kikao kijacho, ongea na daktari wake siku hiyohiyo.