Maswali yenu: Hivi 4294967297 ni namba tasa au sio?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuna namba inanisumbua, 4294967297. Sio shufwa, haiishii na 5 wala 0, tarakimu zake nikijumlisha napata 59 kwa hiyo 3 haiingii, na nimeshagawa kwa namba tasa zote mpaka 100, kila moja inaacha baki. Sasa naweza kusema ni tasa?

JIBU: Marahaba. Hapana, sio tasa. Gawa kwa 641 uone, unapata 6700417 kamili. Ulivyoishia 100 hata karibu ulikuwa hujafika, maana unatakiwa ujaribu mpaka kipeuo cha pili cha hiyo namba, ambacho ni 65536 na kitu kidogo sana, na chini ya hapo kuna namba tasa 6542, ungekesha.

Usijilaumu lakini, hata mwanahisabati Pierre de Fermat alinasa hapohapo. Hiyo namba yako ni 2 kipeo cha 32 ukajumlisha 1, na yule Mfaransa miaka ya 1600 huko alikuwa anaziangalia namba za hivyo, kipeo kikiwa 1, kikiwa 2, 4, 8, 16, akapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa, basi akaamini zinazofuata nazo ni tasa tu. Inayofuata ndio hii yako! Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaja na hiyo 641, Fermat mwenyewe alishafariki zamani.

Utamu uko kwenye namna ya kuipata. Euler alikuja kuthibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1, kwa hiyo wa kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641, jaribio la tano kazi imeisha. Kati ya 6542! Mimi hapo ndio huwa nawaambia watu kikokotoo kikae pembeni kwanza.

Na kuhakiki hauhitaji hata kugawa. 640 ni 5 × 128, yaani imepungua 1 kufika 641, kwa hiyo kwenye hesabu ya baki ihesabu kama -1. Ipandishe kipeo cha 4, unapata 625 × 2 kipeo cha 28, na baki inakuwa 1. Ila 625 nayo imepungua 16 kufika 641, weka -16 mahali pake, na 16 ni 2 kipeo cha 4, basi inatoka kwamba -(2 kipeo cha 32) baki yake ni 1. Hamisha upande, ongeza ile 1 yako, baki sifuri.

Mpaka leo tasa ya sita ya Fermat haijapatikana. Ila punguza 2 kwenye namba yako, 4294967295, ni zao la zile tano zote zilizotangulia, na kwa kazi ya Gauss, mwanahisabati wa Kijerumani, poligoni yenye pande zote hizo sawasawa inachoreka kwa rula na bikari tu, japo ukiichora utaona duara.