Mafuta ya tumboni yaoteshe nywele?

SWALI: Asalaam alaykum daktari. Mimi ni msusi hapa Langoni, Lamu, nina miaka 38. Panja zimenipanda mpaka nikivua mtandio mume wangu anauliza nimefanyaje. Nimepaka mafuta ya nazi, nimepaka habasoda, wapi! Sasa binti wa shangazi yangu aliyeko Dubai amenitumia video: mtu ananyonywa mafuta tumboni, anadungwa kichwani, nywele zinaota. Tumbo ninalo la kutosha. Nianze kuweka akiba?
Mama Rukia

JIBU: Waalaykum salaam, Mama Rukia. Hizo pesa zishike kwanza.

Si uzushi mtupu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwa panya kuwa seli changa za mafuta ndani ya ngozi ndizo huamsha shina la nywele lililolala. Lakini panya ni panya. Kwa binadamu majaribio bado ni madogo, na mafuta mengi yanayodungwa huishia kunyonywa na mwili. Yakiingia kwenye mshipa wa damu, jambo la nadra, yanaweza hata kupofusha. Na hizo video, tazama taa: picha ya kwanza nywele zimelowa chini ya taa kali, ya pili zimekauka na kuchanwa kuja mbele.

Kwako nashuku misuko ya kubana. Simama dirishani na kioo, Rukia akumulikie kwa simu. Ukiona vitundu na malaika, vile vinywele laini, zimechomoza, shina li hai. Fumua, pumzisha kichwa miezi kadhaa, kisha umuulize daktari kuhusu minoksidili ya kupaka, dawa ya kuotesha nywele. Huchukua miezi 4 hadi 6 kuonyesha kitu, na haifai ukiwa na mimba au unanyonyesha. Ukikuta ngozi nyororo inayong'aa, bila kitundu, hapo kuna kovu. Shina likishakufa hakuna mafuta ya kuliamsha.

Utosi nao ukiwasha au kuchoma, usingoje: panda basi uende Mombasa kwa daktari wa ngozi, akate kipande kidogo kipimwe. Kuna ugonjwa unaoanzia hapo katikati na kuacha makovu, na huwapata sana wanawake weusi.

Habasoda endelea nayo ukipenda, kwa harufu tu.

Na wateja wako je? Mtoto akilia ukimsuka, umebana mno. Legeza.