Je, ontolojia itapatanisha programu zetu mbili za uigaji?

SWALI: Tunaunganisha programu inayoiga mafuriko ya mto na nyingine inayoiga msongamano wa magari mjini. Faili zinasomeka pande zote mbili bila hitilafu, lakini programu ya magari inafunga hata barabara zenye maji ya kifundo cha mguu. Nimeshauriwa nitumie ontolojia, yaani maelezo rasmi ya dhana na uhusiano wake, yanayosomeka na kompyuta. Je, itafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, itafaa, ila kwanza tuione kasoro ilipo. Katika sampuli uliyoambatisha, safu ya "kimo_maji" ina thamani 14.1. Kwa programu ya mto, hizo ni mita juu ya usawa wa bahari. Programu ya magari inazichukua kuwa kina cha maji juu ya lami. Lami ya hapo ikiwa kwenye mita 14.0, maji halisi ni sentimita 10 tu, ilhali programu ya magari inaona barabara imezama kabisa.

Hata mngetumia HLA, yaani kiwango cha kuunganisha programu za uigaji (IEEE 1516, kilichotolewa kwanza mwaka 2000 na shirika la wahandisi IEEE), kosa hili lingeweza kupita, kwa sababu maana ya kila kipengele huelezwa humo kwa maneno ya kawaida, ambayo mtu huyasoma lakini kompyuta haiyapimi. Ontolojia iliyoandikwa kwa OWL, lugha ya kompyuta ya kuandikia ontolojia, huyageuza maelezo hayo kuwa kauli za kimantiki: kimo cha uso wa maji ni dhana moja, kina cha maji ni nyingine, na kila moja ina kipimo chake na mahali inapoanzia kupimwa. Tamkeni waziwazi kwamba hakuna kitu kinachoweza kuwa dhana zote mbili kwa pamoja. OWL haidhani hivyo yenyewe, na nimeona timu makini ikipoteza siku nyingi kwa kuiacha kauli hiyo moja. Ikiwepo, programu ya kukagua mantiki itaonyesha mgongano kabla uigaji haujaanza.

Hesabu yenyewe, ya kutoa kimo cha lami kwenye kimo cha maji, mtaiandika ninyi. Ontolojia huonyesha tu kwamba inahitajika.

Msijaribu kueleza mto wote na mji wote. Anzeni na data zinazovuka kutoka programu moja kwenda nyingine, mkiwakalisha mtaalamu wa maji na wa barabara meza moja. Mkimaliza kimo, kagueni muda: huenda mto unahesabiwa kwa dakika na magari kwa sekunde.