Hesabu mwinuko, si kilomita: kwa mgeni wa baiskeli katika milima ya Alpujarra

Mgeni akifungua ramani ya Alpujarra, mteremko wa kusini wa Sierra Nevada huko Hispania, anaona vijiji vimetungwa kama shanga: Lanjarón, Órgiva, Pampaneira, Pitres, Pórtugos, Busquístar, Trevélez. Anapima kwa kidole, anaona si mbali, anajiahidi chakula cha mchana Trevélez. Kosa limeshafanyika.

Órgiva iko kwenye mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, Pampaneira kama 1,060, Trevélez 1,476. Na barabara ya A-4132 inayoviunganisha haipandi moja kwa moja. Inafuata mbavu za mlima, inaingia korongoni, inashuka, inavuka maji, inapanda tena ng'ambo. Kila ulichoshuka utakilipa, kwa hiyo jumla ya kupanda ni kubwa kuliko tofauti ya namba hizo. Mtu mzima mwenye afya, aliyezoea baiskeli lakini asiye mshindani, hupanda mita 500 kwa saa. Mwenye mazoezi mazuri, 600 au zaidi kidogo. Kutoka Órgiva hadi Pampaneira ni mita 600 za wima, basi weka saa moja na robo bila kusimama. Panga safari yako yote hivyo: jumla ya mita za kupanda gawanya kwa 500, kisha ongeza muda wa kushuka, kula na kupiga picha. Kilomita zitakuambia tu urefu wa lami.

Baada ya hesabu hiyo, angalia gia. Baiskeli ya mbio inayokodishwa mijini mara nyingi ina gia ya mbele ndogo yenye meno 34, na hiyo inafaa. Tatizo huwa nyuma. Uliza gia kubwa kabisa ya nyuma ina meno mangapi. Wakikujibu 28, omba wakubadilishie, au tafuta baiskeli nyingine. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja na tairi linazunguka mara moja, yaani mita 2.1 hivi. Pedeli 70 kwa dakika zinakupa karibu kilomita 9 kwa saa, na magoti yanapumua. Kwa 28 nyuma, mwendo uleule unataka pedeli 58 tu kwa dakika, kila moja ikiwa nzito zaidi. Dakika kumi za kwanza hutaona tofauti. Saa ya pili utaiona kwenye mapaja, na siku ya tatu kwenye goti.

Hesabu ya nguvu inaeleza kwa nini. Mtu na baiskeli na maji vikifika kilo 85, kupanda mwinuko wa asilimia 6 kwa mwendo huo kunadai wati 135 hivi. Mwinuko ukifika asilimia 9 bila kupunguza mwendo, zinakuwa karibu 200. Wengi wanaweza 135 kwa saa nzima; 200 wengi hawawezi. Kwa hiyo mlima ukikaza, usishindane nao: badili gia kabla pedeli hazijagoma. Ukisubiri hadi unasukuma kwa uzito wote ndipo ubadili, cheni inaruka au inakwama, na pale kwenye mwinuko ukisimama, kuanza tena ni kazi. Ikibidi kuanza, elekeza baiskeli mshazari wa barabara pale panapoonekana mbele na nyuma, pachika mguu mmoja, sukuma, ndipo unyooke.

Sasa breki, na hapa wanaotoka Kenya, Tanzania na Uganda wasikilize zaidi. Kwetu mkono wa kulia kwa kawaida ndio wenye breki ya mbele. Hispania, ambako magari hupita kulia, mara nyingi ni kinyume: breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Aliyezoea kushika kushoto kwa nguvu akidhani anazuia gurudumu la nyuma, siku ya hofu atalifunga la mbele na kuruka juu ya usukani. Kabla ya kutoka dukani sukuma baiskeli kwa mkono, kamata breki ya kushoto, tazama gurudumu gani limesimama. Kama hujiamini, mwambie fundi abadilishe. Kwa breki za waya ni kazi ndogo. Kwa za mafuta anaweza kulazimika kutoa hewa upya, hivyo mwambie siku moja kabla.

Ukiwa hapohapo dukani, pima kwa futi kutoka katikati ya ekseli inayozungusha mikono ya pedeli hadi juu ya tandiko, ulinganishe na kipimo ulichokuja nacho kutoka kwenye baiskeli yako. Sentimita moja ya kukosea hutaisikia mjini, lakini saa nne za kupanda zitaitangaza. Ukileta pedeli zako, kumbuka ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Pedeli iliyolazimishwa huharibu nyuzi za mkono wake, na gharama ni yako.

Matairi ya milimita 28 yanatosha. Kwa mtu wa kilo 75, upepo wa bar 5 nyuma na 4.7 mbele, yaani psi 72 na 68, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukijaza kupita kiasi, tairi linarukaruka kwenye mawe ya kijijini. Ukipunguza mno, kila ukigonga ukingo wa chuma cha mfereji, tyubu inabanwa kati ya tairi na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Ukiyaona matundu hayo pacha, usihangaike kutafuta mwiba, maana hakuna: upepo ulikuwa mdogo. Beba tyubu mbili, viraka, vyuma vya kutolea tairi, pampu, bisibisi na spana za kukunja zenye kikata cheni, na kiungo cha akiba cha cheni chenye unene wa cheni yako (ya gia 11 haifai kwenye ya gia 12). Usitegemee kukuta duka la baiskeli kwenye vijiji vya juu.

Maji ndiyo raha ya safari hii. Karibu kila kijiji kina bomba la mtaani, *fuente*, linalotiririka mchana kutwa. Soma kibao kwanza. "Agua potable" ni ya kunywa; "agua no potable" si ya kunywa; na "sin garantía sanitaria" maana yake hakuna anayethibitisha usalama wake, uamuzi ni wako. Pasipo kibao, muulize mzee aliyekaa jirani: "¿Se puede beber?" Pórtugos kuna Fuente Agria, chemchemi yenye chuma na gesi yake ya asili, iliyopaka mawe rangi ya kutu. Onja funda moja kwa udadisi, ila chupa jaza mahali pengine. Kiasi: nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na joto likizidi, hadi lita. Chupa mbili za mililita 750 zitakufikisha kijiji kinachofuata. Tia chumvi kidogo kwenye moja.

Chakula kinataka saa sahihi, na saa ya kule inachanganya. Mwezi wa 6 jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama saa 3 na nusu usiku. Mswahili anayehesabu saa kwa jua atajikuta "usiku" bado anapaka mafuta ya kujikinga na jua. Maduka madogo hufungwa takribani saa 8 mchana na kufunguliwa saa 11 jioni. Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa. Mkahawa wa kijiji, *bar*, ndio unaobaki wazi, ila nao una siku yake ya kupumzika kila wiki. Kwa hiyo nunua mkate, ndizi na lozi asubuhi, hata kama huna njaa. Lengo ni gramu 60 za wanga kwa saa: ndizi moja ni 25 hivi, kipande kinene cha mkate ni 20, tende chache zinajaza pengo. Anza kula dakika ya 30. Anayesubiri njaa huishiwa nguvu ghafla, macho yanamcheza, na nusu saa inayofuata anaisukuma baiskeli kwa miguu.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe: Trevélez ni mji wa mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, *jamón*, yananing'inia darini hadi juu ya kaunta. "Plato alpujarreño", sahani ya kienyeji ya viazi na mayai, huja na soseji na *jamón*. Kusema "sin carne", bila nyama, hakutoshi, maana wengine hawaihesabu *jamón* kuwa nyama. Sema "sin cerdo, sin jamón". Na neno la hatari zaidi ni *manteca*: ni mafuta ya nguruwe, hupakwa kwenye mkate wa asubuhi na huingia kwenye biskuti nyingi. Siagi ni *mantequilla*. Salama kabisa ni "tostada con tomate y aceite", mkate wa kuchoma wenye nyanya na mafuta ya zeituni, na mkate wa jodari, *atún*. Maneno mengine ya kule yatakuwa ndugu kwako: *azúcar* ni sukari yetu, na *alcalde*, mkuu wa kijiji, ametoka kwenye Kiarabu kilekile kilichotupa kadhi. Ni urithi wa Waislamu, na wazao wao waliolazimishwa ubatizo, walioishi milima hii hadi uasi wa 1568 hadi 1571 uliposhindwa, wakahamishwa kwa nguvu.

Urithi wao mwingine utakutana nao barabarani: *acequia*, mifereji ya kumwagilia inayozunguka mlima. Pale mfereji unapovuja juu ya barabara kwenye kona isiyopata jua, lami inaota ukoga mwembamba wa kijani. Wakati wa baridi maji hayohayo yanakuwa barafu, na kona ya kivuli inaweza kuganda hadi karibu na mchana huku iliyotangulia ni kavu kabisa. Ukiona weusi unaong'aa mbele, punguza mwendo ungali kwenye kukavu. Juu yake usiguse breki wala usikunje.

Sheria ni chache. Kofia ngumu ni lazima nje ya miji. Spika za masikioni ni marufuku. Kwenda wawili sambamba kunaruhusiwa, lakini penye kona isiyoonekana mbele rudini kwenye mstari mmoja. Dereva anayekupita anatakiwa akuachie mita 1.5, na anaruhusiwa kuvuka hata mstari usiokatika kama hakuna anayekuja. Usishangae basi gari likikaa nyuma yako muda mrefu bila honi. Dharura ni 112: taja namba ya barabara na kilomita iliyoandikwa kwenye kibao cha pembeni.

Kushuka ndiko wageni wanakoumia. Kilo 85 zikishuka mita 600 zinatoa kilojuli 500, joto la kuchemsha lita moja na nusu ya maji. Upepo unachukua sehemu. Breki zinabeba iliyobaki. Anayebana breki kidogo kidogo njia nzima hazipi nafasi ya kupoa: padi zinang'aa kama kioo na kupoteza mshiko, na breki ya rimu inaweza kupasha tyubu hadi ipasuke. Fanya hivi: acha baiskeli ikimbie kwenye mnyoofu, kaa wima upepo ukuzuie, kisha mita 30 au 40 kabla ya kona bana zote mbili kwa nguvu inayoongezeka taratibu, achia, ndipo ukunje. Mikono ishike usukani chini, vidole viwili kwenye breki. Pedeli ya nje ya kona iwe chini na uzito wako juu yake. Tazama unakotaka kutokea. Ukilitazama shimo utaliingia. Kwenye kona ya kushoto usikate ndani, kwa sababu basi linalopanda linahitaji upana wote. Kokoto husukumwa na magari hadi ukingoni, basi pita pale magurudumu ya magari yanapofagia.

Kabla ya kuanza kushuka vaa koti jembamba la upepo na glavu, hata kama bondeni ni nyuzi 30. Kila mita 1,000 za juu hupunguza nyuzi 6 hivi, fulana yako imelowa jasho, na kwa kilomita 45 kwa saa vidole vinakufa ganzi kabla hujajua. Vidole vilivyokufa ganzi havibani breki.

Ukiingia kijijini katikati ya mteremko, achana na vichochoro vilivyopita chini ya nyumba, *tinao*, hata kama simu inakuonyesha ndiyo njia ya mkato: ni mawe laini, ngazi, na paka. Baki kwenye barabara kuu. Vuka vyuma vya mifereji kwa pembe mraba, breki zikiwa zimeachiwa. Simama kwenye bomba, tazama unene wa padi. Zikibaki chini ya milimita moja, mteremko uliobaki shuka polepole na kwa vituo. Usimwagie maji diski ya moto ili kuipoza, itapinda. Jaza chupa, isubiri ipoe yenyewe.