Kwa nini walookolewa hawataki kutoa ushahidi

Mleta mada umeuliza kwa nini sheria za usafirishaji haramu wa binadamu zipo karibu kila nchi lakini kesi zinafia njiani, eti wadada wakishaokolewa "hawatoi ushirikiano". Nimekuwa mkalimani kwenye nyumba salama, yaani makazi wanakohifadhiwa wahanga, nawasindikiza mpaka polisi, so naongea nilichokiona.

Kwenye makaratasi mambo yako poa. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inasema mtu akidanganywa au akitishwa ridhaa yake haihesabiki, na kwa mtoto chini ya miaka 18 huna haja hata ya kuthibitisha kwamba alidanganywa, ukimsafirisha au ukimpokea ili atumikishwe kingono umeshaingia hatiani. Ila kuhusu kumruhusu mhanga abaki nchini, itifaki hiyohiyo inaziambia nchi zifikirie tu. Haizilazimishi! Ndo maana nchi nyingi zinampa kibali akitoa ushahidi, asipotoa anarudishwa kulekule alikochukuliwa.

Sasa kaa na binti mmoja chumba cha mahojiano. Juzi tu alikuwa anafungiwa kwa funguo, leo ofisa anamuuliza tarehe, jina la hoteli, gari lilikuwa rangi gani, na yeye macho yote kwenye simu yake iliyopo mezani manake aliyempeleka anapajua kwao, anajua mdogo wake anasoma wapi, na deni la safari bado linadaiwa. Akirudia maelezo tarehe zinapishana, wakili wa mshtakiwa anamwita mwongo. Ungekuwa wewe ungesema?

Italia tangu 1998, kifungu cha 18 cha sheria yao ya wahamiaji, mhanga anaweza kupata kibali cha miezi sita kinachoongezeka kupitia programu ya ustawi wa jamii bila kulazimika kumshtaki mtu. Kwangu mimi hiyo ndo sera ya kuiga. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 2005 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu nao unatoa siku zisizopungua 30 za kupumua na kufikiria, ni chache mno kwa mtu wa hali ile lakini bora zipo.

Ule ubishi kuhusu ukahaba, Sweden kumshtaki mnunuzi wa ngono tangu 1999 na Ujerumani kuutambua kisheria kama kazi 2002, siuingii sana, kote huko binti wa kigeni akiulizwa viza kabla ya kuulizwa kama yuko salama anafunga mdomo. Ukiandika ripoti kuhusu hili anza na kipengele cha kibali, angalia kimefungwa na sharti gani, halafu uliza nyumba salama inamhudumia kwa muda gani kesi ikikwama.