Prado 95 inayolia mbele: jua kwanza inalia wakati gani

Pole mkuu. Umesema Toyota Prado yako ya 1999 (toleo la 95) inalia nyii-nyii upande wa mbele ukipanda matuta, fundi kabadilisha shokapu zote mbili na mlio uko palepale. Mimi pia nina 95, na njia yangu ya shamba Kilindi ni mashimo na vumbi, kwa hiyo karibu kila kitu cha mbele kimeshanililia. Shokapu ikifa kwa kawaida huvuja oili na gari hunesanesa. Mlio mwembamba wa kukwaruza raba mara nyingi si wake.

Kabla hujanunua spea nyingine, zima injini, mwombe mtu akandamize bampa ya mbele kwa uzito wake wote, wewe inama usikilize kwenye fenda. Ikilia hapo ujue ni bushi (raba za kwenye maungio) au boljointi (kiungo cha kichwa cha mviringo kinachoshika gurudumu). Kama hailii hapo, bali inalia gari likitembea tu na mlio unakimbizana na mwendo wa tairi, nenda kwenye propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi za mbele. Hizi 95 nyingi ni fotaimu (tairi zote nne zinavuta muda wote), propela ya mbele inazunguka muda wote hata lami, na kros (maungio yake) zikikauka grisi zinalia kama ndege. Piga grisi kwenye nipo (vitundu vya grisi) za kros mpaka ile nyeusi itoke. Baada ya rafu rodi angalia pia kijiwe kati ya diski ya breki na bati lake la vumbi. Kinaweza kukutia wazimu bure.

Kwa maelezo yako lakini, mimi naweka dau kwenye bushi. Chukua chupa ya maji, toboa kifuniko, mwagia bushi moja moja huku mwenzako anakandamiza: anza na za stabilaiza (ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona), kisha linki zake, halafu za amu (mikono ya chuma inayoshika gurudumu) za juu na chini. Ukimwagia mlio ukakata ghafla, umempata mwenyewe. Usikubali kupakiwa oili chafu au dizeli. Mlio utatulia siku chache, raba itavimba na kuoza.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Bushi zangu za amu za chini zilibadilishwa gereji moja, zikaanza kulia tena mapema mno. Fundi mwingine alipotazama alikuta raba imechanika kwa kusokotwa. Zilikazwa gari likiwa juu ya jeki! Bushi ile raba yake imeshikana na bomba la ndani na la nje, haizunguki, inajipinda tu. Ukikaza bolti amu ikiwa inaning'inia, ukishusha gari raba inabaki imesokotwa hata ukiwa umepaki nyumbani. Bolti zishikishwe tu, gari lishushwe likae kwenye tairi zake, litikiswe mara kadhaa, ndipo zikazwe. Msimamie fundi, wengi watakwambia haina tofauti. Bolti za amu ya chini zina kamu za alaimenti (visahani vya kurekebisha mkao wa tairi), kwa hiyo weka alama ya rangi kabla ya kufungua, na ukimaliza nenda kapime alaimenti.

Ikiwa maji hayakubadilisha kitu na inalia pia ukikata usukani gari limesimama, kagua boljointi za chini, tena leo. Kwenye 95 uzito wa gari unaivuta boljointi ya chini itoke kwenye kikombe chake, haiikandamizi ndani, ndiyo maana ikiisha inang'oka na gurudumu linalala. Weka jeki chini ya amu ya chini, tairi inyanyuke kidogo, ingiza nondo chini ya tairi uinyanyue huku mwenzako anatazama boljointi. Buti (kifuniko chake cha raba) likiwa limechanika na kuna mlio, badilisha hata kama haichezi, na weka orijino. Ikicheza, usiliendeshe hata kwenda gereji. Liache hapohapo, fundi aje na boljointi mkononi.