Re: Kazi ya tiba ya nyuklia inamaliza uzazi?

Mkuu, umeuliza kama dogo akisomea utaalamu wa tiba ya nyuklia (kupima na kutibu kwa dawa zenye mionzi) atakosa watoto maana siku nzima yuko na mionzi. Hapana, ila kazi yenyewe haitaki uzembe.

Asubuhi unaanzia chumba cha dawa, unakamua jenereta (si ya umeme), yaani mle ndani kuna molibdenamu inayogeuka teknesiamu, ndo yenye mionzi ya kupigia picha, unapitisha maji ya chumvi unaitoa, unaipima, unachanganya na dawa ya kiungo kinachotakiwa, mfupa, figo, moyo n.k. Hapo na wakati wa kuchoma sindano ndo unapokula mionzi. Watu wanaogopa mashine wakati gama kamera, ile ya kupiga picha, yenyewe haitoi mionzi (labda iwe imeunganishwa na CT, mashine ya eksirei), inapokea tu inayotoka kwa mgonjwa! Kwa hiyo baada ya sindano mgonjwa ndo chanzo, ongea naye vizuri ila usimng'ang'anie.

Teknesiamu inapungua nusu kila masaa 6, sasa mgonjwa wa picha ya mifupa unamwambia anywe maji arudi baada ya kama masaa 3, yeye anaenda Kariakoo, utajua mwenyewe 😂

Usalama ni kufanya haraka, kukaa mbali, na kinga ya madini ya risasi (lead). Beji ya kupima mionzi unayopata unavaa kila siku, kikomo ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi mwilini) 20 kwa mwaka na ukifuata taratibu unabaki chini sana. Dada akipata ujauzito aseme mapema abadilishiwe majukumu.

Kwa hapa Bongo aulizie hospitali za Ocean Road au Bugando.